Maumivu Baada ya Kupasuliwa Figo: Ganzi Ipi Bora, na kwa Kipimo Gani?

Asubuhi ya kwanza baada ya kupasuliwa figo, jambo ambalo mgonjwa huombwa kulitenda ni dogo sana: akohoe. Muuguzi humwekea mto ubavuni, humshika begani, humwambia avute pumzi ndefu kisha akohoe kwa nguvu. Aghalabu mgonjwa hutikisa kichwa. Si ukaidi. Jeraha lake limepita katika misuli ile ile inayotumika kukohoa, chini ya mbavu zile zile zinazopanda na kushuka kwa kila pumzi, yapata mara 15 kwa dakika, usiku na mchana. Mtu aliyevunjika mguu aweza kuulaza mguu wake ukapumzika. Aliyepasuliwa ubavu hana namna ya kuupumzisha ubavu.

Asipokohoa, makohozi hubaki chini ya mapafu. Sehemu ya chini ya pafu la upande ule husinyaa kwa kukosa hewa, vijidudu hupata makazi, na baada ya siku chache mtu aliyetibiwa figo huanza kuugua nimonia. Asipoinuka kitandani, damu ya miguuni huweza kuganda. Kwa hiyo kutuliza maumivu baada ya upasuaji wa figo si hisani anayotendewa mgonjwa mlalamishi, kama inavyodhaniwa bado katika baadhi ya wodi. Ni sehemu ya tiba yenyewe, sawa na kushona jeraha.

Kwa miaka 20 iliyopita wataalamu wa usingizi duniani wamekuwa wakishindanisha aina mbalimbali za ganzi ili kujua ipi humfaa zaidi mgonjwa huyu. Ushindani huo umezaa maarifa mengi. Hata hivyo kuna kasoro ambayo yapasa isemwe wazi: kipimo kinachotumika kumtangaza mshindi kimeshonwa kwa mwili wa hospitali za nchi tajiri, na kikivishwa hospitali ya mkoa ya Afrika Mashariki hupwaya.

Kwanza yafaa kukumbuka mahali pa figo. Figo mbili zimelala nyuma kabisa, nje ya utando unaofunika matumbo, kila moja upande wake wa uti wa mgongo. Ile ya kushoto imekingwa kwa juu na ubavu wa 11 na wa 12. Ya kulia iko chini kidogo kwa sababu ya ini lililo juu yake. Gustav Simon, aliyeondoa figo kwa kukusudia kwa mara ya kwanza mjini Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1869, aliifikia kwa kupitia kiunoni, na njia ya kiunoni na ubavuni ingali ikitumika hadi leo. Ni kweli kwamba mwaka 1976 madaktari wa Sweden walionyesha namna ya kutoa vijiwe vya figo kwa kupitia tundu dogo la ngozi, na mwaka 1990 Ralph Clayman na wenzake huko Marekani wakaondoa figo nzima kwa vyombo virefu na darubini. Njia hizo zimepunguza maumivu sana. Lakini hospitali nyingi hazina vyombo hivyo, na uvimbe mkubwa au usaha hudai bado kisu na nafasi pana. Kisu hicho hukata ngozi, mafuta, kisha tabaka tatu za misuli ya ukuta wa tumbo. Pengine hata ncha ya ubavu wa 12 huondolewa.

Neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazohudumia eneo hili hutoka kwenye uti wa mgongo kati ya pingili ya 10 ya kifua na ya kwanza ya kiuno. Hizo ndizo huleta maumivu makali ya jeraha. Figo yenyewe ina neva nyingine, nyembamba, zinazosafiri pamoja na mishipa yake ya damu na kuingia katika uti wa mgongo karibu na mahali pale pale. Ndiyo maana mwenye kijiwe cha figo huhisi maumivu ubavuni na kinenani, ingawa hakuna lililoharibika huko. Ubongo hupokea habari kwa njia moja na hushindwa kubainisha ilikoanzia. Mwalimu wa biolojia anayetafuta mfano wa maumivu yanayohisiwa mbali na chanzo chake hatapata mzuri kuliko huu. Mfano wa pili ni wa ajabu zaidi: figo iliyopandikizwa huwa imekatwa neva zake zote, na kwa hiyo mgonjwa aliyeipokea huumwa na jeraha lake la nyongani, wala si figo mpya.

Sasa, kwa nini mgonjwa asipewe tu dawa za kawaida? Hapa ndipo upasuaji wa figo unapotofautiana na upasuaji mwingine. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo huchochea maumivu, lakini pia hufanya kazi ya kupanua mishipa inayopeleka damu kwenye figo wakati mwili umo mashakani. Kumpa dawa hizo mtu aliyebakiwa na figo moja, au ambaye figo yake imetoka kukatwa, ni kuibana figo hiyo katika saa inayohitaji damu zaidi. Mofini nayo huvunjwa na ini, lakini mabaki yake, ambayo mengine yana nguvu kama dawa yenyewe, hutolewa na figo. Figo zikiwa dhaifu, mabaki hulimbikana, mgonjwa husinzia mno, na pumzi yake huweza kufifia usiku pasipo mtu kutambua. Parasetamoli ni salama zaidi, ila peke yake haitoshi. Hivyo mgonjwa wa figo amebanwa pande zote, na ganzi ya neva, ambayo hufanya kazi mahali pake bila kuitegemea figo, huwa na thamani kubwa kwake kuliko kwa wagonjwa wengine wengi.

Ganzi si jambo jipya. Carl Koller alitia kokeini machoni mwa wagonjwa huko Vienna mwaka 1884, na ulimwengu ukajua kwamba kiungo kimoja chaweza kufishwa ganzi ilhali mwenyewe yu macho. Mwaka 1905, Hugo Sellheim alidunga dawa kando ya pingili, mahali neva zinapochomoza. Mwaka 1921 daktari wa jeshi la Hispania, Fidel Pagés, alieleza ganzi ya epidurali, ambamo dawa huwekwa nje kidogo ya utando unaofunika uti wa mgongo. Kokeini iliachwa kwa sababu ya madhara yake. Leo hutumika lidokaini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943, na bupivakaini, iliyofuata mwaka 1957. Zote hutenda kwa kuziba milango ya sodiamu katika utando wa neva. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma jinsi habari inavyosafiri katika neva ataelewa mara moja: sodiamu isipoingia, habari haisongi mbele, na ubongo hauna cha kuumia.

Kisha ikaja mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile inayomtazama mtoto tumboni mwa mamaye. Kwa mashine hiyo daktari huiona sindano ikipenya msuli baada ya msuli. Ganzi mpya zikachipuka kama uyoga baada ya mvua: mwaka 2001 ganzi ya kati ya tabaka za misuli ya tumbo, mwaka 2007 ganzi ya msuli wa mraba wa kiunoni, ulio jirani kabisa na figo, mwaka 2016 ganzi ya chini ya msuli unaonyoosha mgongo. Ganzi ya kando ya pingili ya Sellheim, iliyokuwa imesahauliwa, ilikuwa imekwisha kufufuliwa na madaktari wa Uingereza mwaka 1979.

Tofauti zao si ndogo. Epidurali hutuliza maumivu ya jeraha na sehemu kubwa ya maumivu ya figo yenyewe, pande zote mbili za mwili, na kwa kuachiwa mrija mwembamba huweza kuendelea kwa siku kadhaa. Lakini hushusha shinikizo la damu, nayo figo haipendi shinikizo la chini. Huweza kulegeza miguu na kuzuia mkojo. Na inadai muuguzi wa kumtazama mgonjwa mara kwa mara. Tena wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa huwa na chembe sahani za damu zisizoshikana vizuri. Damu ikivuja ndani ya mfereji wa uti wa mgongo haionekani wala haiwezi kubanwa kwa kidole, na matokeo yake huweza kuwa kupooza. Ganzi ya kando ya pingili hukamata upande mmoja tu, haishushi sana shinikizo la damu, na hugusa pia neva za figo kwa kiasi chake. Hatari yake ni sindano kutoboa utando wa pafu. Ile ya msuli unaonyoosha mgongo ni nyepesi kufundisha, kwa maana sindano hulenga mfupa unaoonekana wazi, mbali na pafu na mbali na mishipa mikubwa. Walakini rangi iliyodungwa katika maiti kwa majaribio imeonekana kusambaa kwa namna isiyotabirika: mara hufika kwenye neva za mbele, mara hubaki nyuma. Ganzi ambayo leo hufika na kesho haifiki ni kama basi la kijijini. Hulipangii safari ya haraka.

Je, ipi imeshinda? Majaribio yaliyochapishwa yanaafikiana kwa jumla juu ya jambo moja: takriban kila moja ya ganzi hizi ni bora kuliko kutokutia ganzi. Zinaposhindanishwa zenyewe kwa zenyewe, tofauti huwa finyu, na jaribio moja hupingana na jingine. Kisha makala za kukusanya majaribio hujitokeza, zikazipanga ganzi kama timu za mpira katika msimamo wa ligi, na msomaji asiye mwangalifu huondoka na jina la aliye juu.

Hapo ndipo pa kusimama na kuuliza: magoli yamehesabiwaje? Katika majaribio mengi, goli ni miligramu za mofini alizotumia mgonjwa katika saa 24. Mgonjwa hupewa mashine yenye kitufe. Akiumwa hubonyeza, dawa huingia mshipani, nayo mashine huhesabu. Aliyebonyeza mara chache ndiye aliyetulizwa vizuri. Ni kipimo cha werevu mahali penye mashine hizo. Lakini katika wodi ambamo hakuna mashine, ambamo mofini hufungiwa kabatini na ufunguo u kwa mtu mmoja, na ambamo muuguzi wa zamu ya usiku ana vitanda vingi kuliko dakika, kiasi cha mofini alichotumia mgonjwa hakionyeshi hata kidogo ameumwa kiasi gani. Huonyesha amepewa kiasi gani. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kumaliza saa 24 kwa miligramu 10 tu za mofini, na katika jedwali akaonekana kuwa na nafuu kuliko mwenzake wa London aliyelala usingizi mzito. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kipimo cha pili ni namba. Mgonjwa huulizwa ataje maumivu yake kutoka 0, yaani hakuna, hadi 10, yaani yasiyovumilika. Hiki ni bora, kwa kuwa humpa mgonjwa mwenyewe kauli. Ila yategemea ameulizwa akiwa katika hali gani. Aliyelala chali bila kujitikisa atasema 2. Mwambie akohoe, atasema 8. Kwa mgonjwa wa figo ile 8 ndiyo yenye uzito, maana kikohozi ndicho kinachookoa mapafu. Jaribio linaloripoti maumivu ya kulala pekee limepima lile lisilo na shida.

Wanafunzi wa hisabati wana lao la kujifunza hapa pia. Kundi moja likiwa na wastani wa 3.1 na jingine 2.6, na watu waliopimwa wakiwa wengi, hesabu za takwimu zaweza kuthibitisha kwamba tofauti hiyo haikutokea kwa bahati nasibu. Thibitisho hilo ni la kweli. Lakini wataalamu wengi hukubali kwamba badiliko lililo chini ya pointi 1 hivi katika kumi mgonjwa halioni kuwa nafuu. Tofauti yaweza kuwa ya hakika na bado isiwe na maana. Kuchanganya mambo haya mawili ni kosa linalofanywa na watu wenye shahada, seuze kijana wa kidato cha tatu. Pia kuna jambo la muda: sindano moja ya bupivakaini hudumu saa kadhaa, kwa kawaida isizidi nusu siku hivi, na kulinganisha ganzi mbili katika saa ya 24 ni kulinganisha taa mbili zilizokwisha kuzimika.

Kipimo cha tatu, ambacho majedwali hukitaja kwa haraka, ni hatari. Bupivakaini ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 katika kila mililita. Mililita 20 ni miligramu 50. Kwa mtu mwenye kilo 60, kikomo cha tahadhari cha miligramu 2 kwa kila kilo ni miligramu 120. Basi yumo salama. Chukua chupa ya asilimia 0.5 badala yake, udunge mililita 30 kama inavyofanyika mara nyingi katika ganzi za misuli, nawe umefika miligramu 150 na kuruka ukuta. Dawa ikizidi katika damu, ulimi hufa ganzi, masikio huvuma, degedege hufuata, na moyo huweza kusimama. Dawa ya kuokoa ni mchanganyiko wa mafuta unaodungwa mshipani. Guy Weinberg alionyesha manufaa yake kwa panya mwaka 1998, na mwaka 2006 ikaripotiwa kumwokoa binadamu. Hospitali isiyo na mchanganyiko huo kabatini ina haki ya kuiogopa ganzi inayodai dawa nyingi, hata kama ganzi hiyo imepewa nafasi ya kwanza katika jarida.

Ukizitazama ganzi hizi kwa macho ya hospitali yenye daktari wa upasuaji mmoja, mtaalamu mmoja wa usingizi na mashine ya mawimbi ya sauti iliyo zamu ya wodi ya wazazi, huinuka mgombea ambaye msimamo wa ligi humtupa chini. Daktari anayepasua ubavu huiona neva ya 11 au ya 12 kwa macho yake mwenyewe, ikipita kati ya tabaka za misuli. Tena hujitahidi asiikate, kwa sababu ikikatwa misuli hulegea na ubavu hutokeza kama mfuko. Kabla ya kufunga jeraha, sindano ya kawaida na mililita chache za bupivakaini kuzunguka kila neva iliyo karibu huchukua muda mfupi. Akitaka, huacha mrija mwembamba kati ya tabaka za misuli, na dawa huongezwa jioni na alfajiri. Hahitaji mashine wala sindano maalumu. Wala hakuna kukisia, kwa kuwa neva iko mbele yake. Lidokaini na bupivakaini zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima.

Wapinzani wa njia hii wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Dawa inayodungwa kati ya mbavu hunyonywa na damu upesi kuliko ya mahali pengine mwilini, hivyo kiasi lazima kiwe kidogo na sindano ivutwe nyuma kwanza kuhakikisha haimo katika mshipa. Haigusi maumivu ya figo yenyewe, wala karaha ya mrija wa mkojo, ambayo wagonjwa wengine huilalamikia kuliko jeraha. Bila mrija wa kuongezea dawa, huisha kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo haiwezi kusimama peke yake. Yahitaji parasetamoli kwa saa maalumu, si kwa kuombwa, na mofini kidogo iliyopimwa kwa hali ya figo. Pamoja na hayo yote, ganzi ya wastani inayomfikia kila mgonjwa yafaa kuthaminiwa kuliko ganzi bora inayomfikia mmoja katika wiki ambayo mtaalamu hayuko safarini.

Jambo hili lina uzito wa pekee tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini Tanzania. Upandikizaji kutoka kwa ndugu aliye hai humleta katika chumba cha upasuaji mtu ambaye hana ugonjwa wowote. Amekuja na afya yake, ataondoka na figo moja na kovu, na maumivu yote atakayoyapata ameyapokea kwa ajili ya mwingine. Kaka anayesitasita kumpa dada yake figo mara nyingi haogopi kufa. Huogopa yale aliyosimuliwa na jirani aliyepasuliwa. Simulizi la usiku mmoja mbaya hutembea mbali kuliko takwimu, na laweza kuwagharimu figo wagonjwa ambao hawajulikani bado.

Linganisho lililo la haki kwa hospitali zetu halihitaji mashine ya kitufe. Wagonjwa wagawiwe kwa kura, nusu wapate ganzi ya daktari wa upasuaji, nusu ile ya mtaalamu wa usingizi, na anayeuliza maswali asijue nani alipata ipi. Ziandikwe namba ya maumivu wakati wa kukohoa, saa aliyoomba dawa kwa mara ya kwanza na saa aliyopewa, na kama aliketi pembeni mwa kitanda kabla ya jua la siku ya pili kuzama. Kwa kazi hiyo yatosha karatasi iliyochorwa mistari, kalamu iliyofungwa kwa uzi kitandani, na saa ya ukutani inayokwenda.